Tone Jekundu Chini ya Diski

Jumatano, 11 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini kifua kimepona na kwamba unakunywa maji ya moto kama nilivyokwambia, si yale ya kwenye friji. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, la kulia bado halijaamua. Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama bado umekonda. Nimemwambia umenenepa, kwa hiyo akikuuliza usiniumbue.

Mdogo wako hajambo. Siku hizi hata mimi nimesahau kumwita jina nililompa, namwita Chaji kama wateja wake. Kibanda chake cha simu kimechangamka sana. Tangu Januari kompyuta yake ina mbio za ajabu, watu wanapanga foleni mpaka mlangoni kwa fundi viatu wakingoja kuwekewa nyimbo na filamu. Fundi viatu analalamika, lakini na yeye amewekewa filamu mbili.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Kaa chini kwanza.

Nimerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Miaka kumi na tisa nimefagia pale, leo naambiwa nikae kwanza mpaka niitwe. Wanasema nimeiua kompyuta ya ofisi ya karani. Ilikuwa Alhamisi, nimepiga deki, sakafu haikauki, nikachomoa plagi nipate pa kuchomeka feni. Asubuhi yake kompyuta haiwaki. Inalia tu kwa ndani, ko, ko, ko, kama kuku anayedonoa bati. Alama zote za mitihani za darasa la mwisho zimo humo na hakuna pengine zilikoandikwa. Watoto wasipopata alama hawapati vyeti. Mwalimu mkuu akauliza nani alikuwa wa mwisho ofisini. Karani akaninyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Mwanangu, sikuchomoa plagi ya kompyuta. Nilichomoa ya birika. Unajua mimi kusoma kwangu kuliishia darasa la nne na yale maandishi madogo ya kwenye plagi siyaoni, ndiyo maana kila waya wa ofisi ile nimeufunga uzi. Kompyuta ni uzi mwekundu, birika ni kijani. Nilishika kijani. Niliwaeleza habari ya nyuzi wakatazamana. Karani akasema, "Mama, hii ni ofisi, si cherehani."

Alikuja fundi wa mjini, akakitoa kile chuma cha ndani akasema kimekufa. Karani akanipa mkononi harakaharaka, nikakitupe shimoni. Sikukitupa. Ndicho hicho nilichokifunga kwenye kanga yangu ya zamani, nakutumia kwa posta, kwa kuwa kazi yako ni kufufua vitu hivi. Nimekipangusa vizuri. Kilikuwa na katundu kadogo juu, nikakaziba kwa nta ya mshumaa vumbi lisiingie. Kona moja imebonyea, lakini nadhani vyuma hivi vyote huwa vimebonyea mahali, usijali hilo.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Simu yangu kutwa iko kibandani kwa mdogo wako, mara kioo, mara betri, na anayepokea ni yeye. Niandikie kwa anuani ya shangazi yako.

Mama yako anayekuombea kila saa.


Jumanne, 24 Februari

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona. Na shangazi mwambie nimenenepa, nimekubali.

Mzigo umefika salama. Kanga nimeivaa. Nilipousoma ule mstari wa nta nilicheka, kisha nikaenda kuitoa kwa sindano nikiwa sicheki. Mama, lile tundu ni la kupumulia. Karibu yake pameandikwa kwa lugha tano lisizibwe. Hukuharibu kitu, lakini usinifanyie hivyo tena.

Nikueleze tunavyofanya huku, usije ukadhani nimekaa nayo tu. Diski, hicho unachokiita chuma, ikiingia karakana kwetu haichomekwi umeme hovyo. Inayogonga namna hiyo, kila ukiiwasha unaikwangua. Kwanza tunaitambua. Juu ina karatasi yenye aina yake, namba yake ya pekee ambayo hakuna nyingine inayo, na tarehe iliyotengenezwa. Tunaandika vyote kwenye daftari, tunaipiga picha pande sita. Baada ya hapo Mzee Sikio anaiwasha mara moja tu. Huyu ndiye mkubwa wetu, tunamwita hivyo kwa sababu anaweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini kwenye mfupa wa sikio, kisha anakwambia ugonjwa. Ya kwako aliisikiliza akasema, "Huyu kavunjika mkono. Roho ipo."

Maana yake ndani kuna sahani zinazozunguka na mkono mwembamba unaozisoma bila kuzigusa. Mkono ndio ulioharibika. Inabidi tutafute diski nyingine ya aina ileile, iliyotengenezwa karibu na siku zilezile, tuichukulie mkono wake, kama mgonjwa anavyotafutiwa damu ya kundi lake. Inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Sasa nisikilize vizuri. Mkono huu umechakaa kwa uzee. Haukuvunjwa na plagi ya siku moja, iwe ya kijani au nyekundu. Na kuna jingine. Uliwahi kuniandikia kwamba kompyuta za shule zililetwa mpya, zikiwa kwenye maboksi, miaka mitatu iliyopita. Diski hii imetengenezwa miaka tisa iliyopita. Haikutoka kwenye boksi lile. Kuna mtu aliiweka.

Nataka kujua: nani alikuwa wa mwisho kuifungua kompyuta ile kabla haijafa?

Mwanao.


Jumapili, 8 Machi

Mwanangu mwenye akili,

Nimeisoma barua yako mara nne, mara ya mwisho kwa sauti, shangazi yako akiwa shahidi. Yeye mzima, meno tu. Paa la jikoni limeanza kuvuja pale pale lilipozibwa. Chaji alisema atakuja kupanda, sijamwona wiki ya pili. Nampelekea chakula kibandani, anakipokea huku anatazama kioo cha kompyuta, ananiambia weka hapo mama. Amekonda. Nadhani ni kazi nyingi.

Nilijua. Nilijua na sikukwambia nikitaka uone mwenyewe bila kusukumwa. Mwaka juzi, vumbi lilipozidi, kompyuta tatu za ofisi zilifunguliwa nikapewa vyuma vya ndani nivipanguse uani. Vinafanana kama vifaranga. Nikaogopa kuvichanganya, nikachukua ile rangi ya kucha nyekundu uliyoisahau hapa, nikatia tone moja chini ya chuma cha karani, kwenye kona, na matone mawili chini ya kile cha mwalimu mkuu. Cha maktaba nilikiacha. Tone halitoki, ile rangi yako ni ngumu kama rangi ya gari.

Chuma alichonipa karani nilikigeuza palepale. Hakina tone. Hakina hata kivuli cha tone.

Sasa unaona. Yule mwanamke amebadilisha. Kaiondoa diski nzima kaweka kuukuu, na ilipokufa akaninyooshea kidole mimi mwenye ufagio. Kwa nini alinipa nikaitupe upesi vile? Kwa nini siku ile alikuwa amevaa miwani ya jua ofisini? Anasema alikuwa na jicho linalouma. Huenda kuna alama za mtoto wa mtu alizozipindua, anaficha. Nimemweleza mwalimu mkuu habari ya tone, na safari hii hakutazamana na mtu. Aliinamisha kichwa akaandika. Amesema atafanya kikao.

Nimewaambia na wenzangu wa jikoni. Sikutaka kusema sana, lakini waliniuliza.

Karani jana tulikutana dukani. Alisema, "Mama, nimekukosea nini mimi?" Nikamwambia aiulize diski. Akaondoka bila kununua alichokijia.

Wewe fungua tu tujue za nani zimo humo. Nasubiri.

Mama yako.


Alhamisi, 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi na posta nayo unaijua.

Tulipata diski ya kuichukulia mkono baada ya kupekua makabati mawili. Inafanana herufi kwa herufi, imetofautiana siku kumi na moja tu. Niliubadilisha mwenyewe ndani ya lile sanduku la vioo lenye hewa iliyochujwa, nywele nimefunga, pumzi nimebana. Imekubali kuzunguka. Kusoma inasoma kidogo kidogo. Siwezi kusema zaidi kwa sasa, haijafunguka vizuri.

Mama, naomba usiseme tena habari za karani kwa watu mpaka nimalize. Nakuomba sana.

Na lile swali langu la mara ya kwanza hukulijibu. Nani aliifungua kompyuta kabla haijafa?

Pia, ule mfuko mweusi uliokuwa juu ya kabati lenu la nguo, wenye mawaya na vyuma vya zamani, bado upo?

Pole kwa paa.

Mwanao.


Jumatano, 15 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima. Paa bado.

Sijaizoea barua fupi kutoka kwako. Hata ulipokuwa na malaria uliniandikia kurasa mbili. Nimeigeuza nione kama nyuma umeandika kitu, nyuma ni tupu.

Niseme linaloniuma. Umewahi kuniambia kwamba kuna diski iliyoungua moto mkaitoa picha za harusi zote, na nyingine iliyolala mtoni siku tatu. Hii yangu haikuungua wala haikulowa, imesafiri ndani ya kanga, leo unaniambia haijafunguka vizuri. Kuna mtu amekufikia? Karani ana ndugu huko huko uliko, nimesikia. Kama amekupigia akalia, mimi pia nimelia, tofauti yake ni kwamba mimi sina ofisi ya kulilia.

Unaniambia nisiseme. Mimi ndiye niliyerudishwa nyumbani na ndoo yangu. Nikinyamaza nitakuwa nimekubali. Na hata hivyo umechelewa, karani naye ameambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha tarehe 13 Mei. Wanasema akipatikana na kosa anaondoka kabisa, na barua atakayopewa haitampa kazi popote. Ana watoto watatu. Hilo si mimi niliyelitaka, ni yeye.

Wanafunzi wanne walikuja hapa juzi. Wakakaa kwenye kibaraza, wakanisalimia vizuri, wakaniuliza, "Mama, eti alama zetu zipo kwa mwanao?" Niliwaambia zipo. Usinifanye mwongo.

Juu ya kabati hakuna mfuko. Nimepanga mashuka.

Kompyuta za ofisi hufunguliwa na watu wengi, mafundi wanakuja na kuondoka, siwezi kumjua kila mtu.

Mama yako.


Jumapili, 26 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Leo nakuandikia kurasa ndefu kama ulivyozoea. Soma peke yako, shangazi asiwepo.

Diski ilifunguka siku ya pili tu baada ya kubadilishwa mkono. Nilikudanganya. Hakuna aliyenifikia, wala karani simjui sauti. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta namna ambayo ningekuwa nimekosea, na sikuipata.

Alama za wanafunzi zimo zote, za darasa la mwisho na za miaka miwili nyuma. Hakuna aliyezipindua, nimelinganisha. Mtu aliyebadilisha diski alizihamisha kwa uangalifu kutoka kwenye ile nzima kuja kwenye hii kuukuu, ili karani akiwasha asubuhi akute kila kitu mahali pake na asijue. Ndiyo maana ilifanya kazi majuma machache, mpaka uzee ulipoifikia.

Lakini kabla ya kuhamisha, mtu huyo alifuta vyake vilivyokuwemo. Na kufuta diski si kuisugua, mama. Ni kama ukuta uliopigwa chokaa mpya: ukikwangua, rangi ya zamani ipo. Kazi yetu ni kukwangua. Nilikwangua nikijua nitaona vitu vya nyumbani kwa karani.

Nilikukuta wewe.

Umekaa uani juu ya ndoo uliyoigeuza, miguu iko kwenye beseni la maji, kanga uliyovaa ni hii hii uliyofungia mzigo. Unacheka, umeinua mkono kumzuia anayekupiga picha. Picha iliyofuata ni mimi na begi siku niliyoondoka. Halafu nyimbo mia nne, na barua ya kuomba kazi imeandikwa mara sita, kila mara mwajiri mwingine, jina la mwombaji lilelile. Unalijua, ulimpa wewe.

Mzee Sikio alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Unamfahamu huyo mama?" Nikasema ni mteja.

Nimeweka alama zote kwenye flashi hii ndogo nyeusi. Picha sikuziweka. Ukimpa mwalimu mkuu flashi hii, wanafunzi watapata vyeti na wewe utarudi kazini, nami nitaandika barua ya karakana kwamba diski ilikufa kwa uzee. Hakuna atakayejua zaidi ya hapo. Ila na karani hatakuwa na wa kumtetea, maana umeshawaambia diski ilibadilishwa, na mwenye ufunguo wa ofisi ni yeye. Diski yenyewe pia nairudisha, ni ushahidi wa jambo hili.

Kuamua ni kwako. Mimi siwezi, nikijaribu nakumbuka ile ndoo.

Kitu kimoja tu, mama, na usikasirike. Kona iliyobonyea uliniambia mwenyewe, kwenye barua ya kwanza, kabla sijauliza chochote. Mimi nilipoiona sikuikumbuka. Nimeikumbuka baadaye. Ni siku tuliyohamisha kabati, mfuko mweusi ukaanguka sakafuni na diski hii ndani, Chaji akakasirika hakula.

Mwanao.


Jumamosi, 30 Mei

Mwanangu,

Salamu, na asante kwa kurasa. Nimechelewa kujibu kwa sababu kulikuwa na mambo ya kufanya kwanza, na kuandika kungenipa nafasi ya kutoyafanya. Shangazi yako mzima. Goti la kulia limeamua, sasa yote mawili.

Nilienda kibandani mchana, wateja wakiwemo. Nikamwambia mdogo wako, "Ifungue hiyo kompyuta." Akacheka. "Mama, wewe na vyuma wapi na wapi?" Nikamwambia nataka kuipangusa. Alinitazama, kisha akawaambia watu warudi kesho. Akaifungua. Mikono yake ilikuwa na adabu sana, kila skrubu anaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Nikaitoa ile diski, nikaigeuza, tone lipo. Jekundu, kwenye kona, kama nilivyolitia.

Akasema, "Nilihamisha kila kitu chao, mama. Hawakupoteza hata jina moja. Shule ina haja gani ya mbio? Ni majina tu yanakaa pale." Akasema, "Yangu ilikuwa bado inafanya kazi, sikujua itakufa." Nikaifunga kwenye kanga. Akasema, "Sikujua watakushika wewe." Hapo nikamwambia, "Ofisi ile naifagia mimi. Ulidhani wangemshika nani?" Akasema alikuwa anangoja jambo lipoe. Nikamuuliza, lipoe nikiwa nimekaa wapi? Fundi viatu aliacha kugonga, akaanza tena.

Swali lako la nani aliifungua. Nalijibu sasa. Januari mwalimu mkuu aliniuliza kama namjua fundi mwaminifu wa kuiondolea kompyuta ya karani virusi. Nilisema namjua, ni mwanangu. Nilimpeleka mwenyewe, nikamsimamia mlangoni na ufagio wangu, najivuna. Birika lilichemka nikaenda kuwapelekea walimu chai. Ndio muda ule, na kwa kuwa kompyuta iliwaka vizuri kila mtu alimsahau.

Na kona. Nilipokuwa naifunga kwenye kanga kidole kilipita pale kikajua kabla yangu. Nikakiambia kidole hakijui kitu, vyuma vyote vimebonyea. Nikakutumia wewe ili uniambie sivyo. Nilipopata barua yako ya Aprili, ile fupi, nilikuwa nimeshajibiwa, na bado nikaenda kuzungumza habari za karani kisimani na jikoni, kwa sababu mdomo ukiwa juu ya mtu mwingine unapata pumziko. Miwani yake ya jua nimeisema mpaka nikaichoka. Alikuwa na jicho kweli. Lilikuwa limevimba, nililiona.

Tarehe 13 nilikwenda na flashi, na diski mbili kwenye kanga, na kile kichupa cha rangi. Karani alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa nguo ya kikao. Mwalimu mkuu aliipokea flashi, wakaifungua, majina yakaja. Walimu wakapumua. Mwalimu mkuu akasema, "Mama, wewe rudi kazini kesho. Sasa tumgeukie karani, atueleze diski ya shule iko wapi." Nikasema iko hapa. Nikaigeuza mbele yao, nikafungua kichupa nikatia tone jingine pembeni ya lile la kwanza wapate kulinganisha. Wakauliza nimeipata wapi. Nilitazama ule ukuta ambao nimeusugua miaka kumi na tisa. Nikasema imetoka kibandani kwa mwanangu wa mwisho, na aliyemleta hapa ni mimi, na aliyempakazia huyu mama ni mimi pia.

Karani alivua miwani yake ya kusomea, akaipangusa, akaivaa.

Polisi hawakuitwa. Karani mwenyewe ndiye aliyesema wasiitwe. Alisema anataka mwenye kuichomoa airudishe mwenyewe, mchana, yeye akiwa amekaa pembeni. Chaji alikuja Jumatatu. Karani alihesabu skrubu kwa sauti, moja mpaka kumi na mbili, kisha akamwambia afungue tena ahesabu upya. Wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa dirishani. Hajakanyaga nyumbani tangu siku ile, analala kibandani. Chakula napeleka, naweka mlangoni, sahani inarudi imeoshwa. Hajawahi kuosha sahani.

Mimi nimerudi kazini. Mwalimu mkuu ananiita mama kama zamani, ila droo yake sasa ina kufuli.

Karani hakunisalimia siku nane. Siku ya tisa nilikuwa napiga deki ofisini kwake, akainuka na chupa yake ya chai, ile ya bluu, akaigeuza kitako juu, akaiweka mezani mbele yangu. Akasema, "Nitilie tone na mimi, mama. Nyumba yako ipate kujua kipi ni changu." Alisema polepole, wenzake wakisikia. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikatoa kichupa mfukoni, nikamtilia. Akaipulizia ikauke. Akaleta na kikokotoo. Akaleta stepla, mkasi, rula, mpaka mhuri wa shule. Vyote nimevitia, kimoja kimoja, nimepiga magoti, yeye amesimama. Alipomaliza akaniambia nihamie upande ule, hapa pameshakauka.

Ile picha usiifute. Usiitume kwanza, wala usimwambie mdogo wako kwamba ipo.

Rangi imekwisha. Ukija niletee nyingine, nyekundu ileile.

Mama yako.